Kengele Mbili za Usakitu

Nilivyofika Usakitu si habari ya kumpotezea mtu muda. Nchi ipo, iko juu sana, nami nilikaa huko msimu mmoja wa baridi katika nyumba ya Bi Kiluwa, mjane anayepangisha chumba kwa wageni. Aliishi na binti yake mmoja, Nuriya, mkunga wa mji mzima. Mimi ni mtu wa Muheza. Kwetu baridi ni kisingizio cha kuchelewa kazini, na koti nililoazimwa siku ya kwanza nilidhani ni godoro. Nitawaeleza kwanza sheria zao, maana bila sheria hizo msiba nilioushuhudia hauna maelezo, na hata pamoja nazo bado unanikaa kooni.

Wasakitu wana sheria mbili kuu, na zote mbili huanguka kutoka mbinguni. Mvua ikinyesha, mnadi wa anga hupiga kengele kubwa ya mnarani. Hapo kila mwenye nyumba huacha mlango wake wazi na kuweka benchi karibu na moto, na yeyote aliyelowa huingia bila kubisha. Lakini ni marufuku mtu kutoka kwenda kumtafuta mwenzake, kwa kuwa mabonde yao hufurika ghafla, na zamani walikufa watafutaji wengi kuliko waliotafutwa. Theluji ikianguka, hupigwa kengele ndogo na mambo hugeuka. Milango hufungwa na kuzibwa kwa mablanketi ili moto usipotee, wala haifunguliwi kwa mtu, maana zamani familia nzima ziliganda kwa kumhurumia mpita njia mmoja. Badala yake hutoka watu wa kamba. Hawa hujifunga pamoja kwa kamba ndefu, wakapanda njia za mlimani wakiita, na wanayempata humpeleka kwenye nyumba yao pembeni mwa mji, ambako moto hauzimwi.

Nilizitafutia kasoro sheria hizi nikazikosa. Kila moja ilizaliwa na kilio, na kila moja imeokoa roho za watu. Tatizo la Wasakitu ni kwamba hawakuishia kuzitii. Walizipenda, kisha wakagawana mapenzi.

Ndiyo maana wana Nyumba ya Mvua na Nyumba ya Theluji, na kila Msakitu amezaliwa katika mojawapo. Kila Nyumba ina shule zake na nyimbo zake. Wakioana, harusi huwa na wapishi wa pande mbili, na shangazi wa upande mmoja hagusi wali wa upande wa pili. Nilimwona bwana mmoja wa Nyumba ya Theluji akitembea juani, mchana kweupe, amejipaka unga mabegani. Nikaambiwa huyo ni mtu mwenye msimamo.

Wiki niliyofika niliitwa mbele ya Baraza la mji, nikaulizwa kwetu kunaanguka nini. Nikasema mvua. Upande mmoja wa ukumbi ulipiga makofi mpaka vumbi likaruka. Nikaongeza, kwa uaminifu tu, kwamba tunao mlima mmoja wenye theluji kileleni. Upande wa pili ukasimama ukaimba. Siku hiyo nilialikwa chakula mara mbili, na pande zote mbili zilinisifu kwamba nina akili.

Nilicheka sana juu ya hayo nilipokuwa na Nuriya. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye mikono mikubwa na maneno mepesi, na aliniita mjomba ingawa tumepishana kidogo tu kwa umri. Asubuhi ya siku ninayoisimulia aliitwa kijiji cha juu kwa mama aliyeshikwa na uchungu. Alinikuta nikipambana na koti langu.

"Mjomba, leo vifungo umevipatia vyote," alisema. "Wiki ijayo tutakufundisha mikono."

Akachukua mkoba wake wa kazi, akambusu mama yake kwenye paji la uso, akaondoka. Mbingu ilikuwa ya kijivu, lakini kule mbingu ni ya kijivu siku zote.

Mchana ukaanza kuanguka kitu. Mwanzoni nilidhani ni mvua, nikatoka kibarazani niione, kwa sababu nilikuwa nimeikumbuka. Haikuwa mvua. Yalikuwa maji yaliyojaa chembe laini za barafu, yakija kwa upande, yakiuchoma uso. Kiganjani chembe ziliyeyuka kabla sijazihesabu, lakini kwenye mkono wa koti ziliganda, na zilizofuata zikazilowesha, na hizo nazo zikaganda. Mvua hukulowesha ukakauka. Theluji, wenyewe waliniambia, unaikung'uta. Kitu hiki kilikulowesha kwanza mpaka kwenye ngozi, ndipo kikakugandisha.

"Hii mnaiitaje?" nilimuuliza Bi Kiluwa.

Alikuwa amesimama nyuma yangu, anaangalia barabara ya mlimani. "Haiitwi," alisema. "Huamuliwa."

"Na nani?"

"Na Baraza. Nyumba ya Mvua husema ni mvua, Nyumba ya Theluji husema ni theluji. Mara nyingine hukatika yenyewe kabla hawajafungua kikao, basi watu hushukuru."

Nikauliza kwa nini wasiipe jina lake na sheria yake. Akaniangalia kama ninavyowaangalia wageni wanaouliza kwa nini Muheza kuna machungwa. "Jina la tatu lingetaka Nyumba ya tatu," alisema. "Nyumba ya tatu ingetaka viti. Viti vimekwisha."

Kisha akajifunga mtandio. Hakuniomba nimsindikize, lakini nilimfuata.

Kengele zote mbili zilikuwa kimya. Tulipopita mjini niliona jinsi Wasakitu wanavyongoja uamuzi. Milango yote ilikuwa imefungwa na kuzibwa, kama sheria ya theluji inavyotaka. Na watu wa kamba walikuwa wamekaa ndani kwao, kama sheria ya mvua inavyotaka. Hakuna aliyewaamuru kufanya hivyo. Kila mtu, kwa tahadhari tu, alikuwa ameshika nusu ya sheria isiyomtoa jasho.

Ukumbi wa Baraza ulikuwa na joto zuri. Katikati kulikuwa na meza, na mezani sinia jeusi. Nikaelezwa utaratibu. Sinia hutolewa nje likakinga kinachoanguka, kisha huletwa mezani likachunguzwa. Lilipoletwa mara ya kwanza, likapita karibu na jiko, lilifika likiwa na maji matupu.

"Mvua," alisema Mzee Ndalu, kiongozi wa Nyumba ya Mvua, mzee mnene mwenye macho ya huruma. "Waheshimiwa, mnajionea wenyewe."

"Mmelipitisha kwenye moto," alisema Bi Sikudhani wa Nyumba ya Theluji. Huyu alikuwa mwalimu maisha yake yote na alizungumza pole pole ili wa nyuma waandike. "Lirudisheni, mliache dirishani kwa nje, ndipo tuliangalie."

Likaachwa dirishani. Lilipoingizwa, lilikuwa na utando mgumu wa barafu.

"Mmeligandisha," alisema Mzee Ndalu.

Wakaunda kamati ndogo ya kuamua sinia lipite njia gani.

Bwana Helewa, mnadi wa anga, alikuwa amesimama pembeni kati ya kamba mbili za kengele, mikono nyuma. Nilimwona akiziangalia kamba hizo, moja kisha nyingine. Ni mtu mmoja tu mle ndani aliyeweza kuzivuta, na ni mtu huyo tu aliyekatazwa kuwa na maoni.

Ndipo mtu akanikumbuka mimi. "Mgeni yupo. Mgeni hana upande. Mgeni, kwa lugha yenu kitu hiki mngekiitaje?"

Nilitaka kusaidia. Nikasema, "Kwetu hakianguki, kwa hiyo jina hatuna. Labda tungesema mvua iliyochanganyika na theluji."

"Ameanza na mvua," alisema Mzee Ndalu. "Kilichotangulia ndicho kitu chenyewe. Kinachofuata ni sifa yake."

"Kinachofuata ndicho kinachobadilisha," alisema Bi Sikudhani. "Ukitia majani kwenye maji ya moto, huiti tena maji. Unaita chai."

Hoja ya chai ilichukua muda mrefu. Walisimama watu wa kuiunga mkono na watu wa kuipinga, na kijana mmoja wa Nyumba ya Mvua alitoa hotuba nzuri kuhusu maziwa. Nilitamani ningelikuwa bubu. Nje dirishani mwanga ulikuwa unapungua, na kile kitu kiliendelea kuanguka kwa upande.

Bi Kiluwa akasimama. Hakupaza sauti.

"Waheshimiwa, mwanangu alikwenda kijiji cha juu asubuhi. Atakuwa anashuka sasa. Mkipiga kengele kubwa, ataingia mlango wa kwanza atakaoukuta. Mkipiga ndogo, watu wa kamba watamfuata. Mimi nimekubali yoyote. Pigeni moja."

Sikuona hata mmoja ukumbini aliyekosa haya. Mzee Ndalu alikuwa anafuta macho. "Bi Kiluwa," alisema, "humu hamna asiyemjua Nuriya. Wajukuu zangu wote kawapokea yeye. Hakuna anayebisha kwamba yuko njiani. Tunachotafuta ni kujua yuko njiani ndani ya nini."

"Basi pigeni zote mbili," nilisema mimi, ingawa sikuulizwa.

Bi Sikudhani alinigeukia kwa upole, kama anavyomgeukia mwanafunzi aliyejitahidi. "Ndogo inakataza kufungua, kubwa inakataza kutoka. Zikipigwa pamoja, kila raia atakuwa anavunja sheria moja kwa kutii nyingine. Na tukipiga kengele ya uongo leo, baba, kesho nani ataiamini ya kweli?"

Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na ndiyo maana ilinikera zaidi. Laiti wangekuwa watu wabaya ningejua la kuwaambia. Bi Kiluwa hakungoja nijue. Alikwisha fika mlangoni.

Alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya watu wa kamba. Walikuwa tayari, wamevaa, wamefungana kiunoni, wamekaa kwenye benchi moja refu wakisikiliza upande wa mnara. Kiongozi wao aliitwa Tumbwe, mtu mrefu aliyepungukiwa vidole viwili kwa kazi hiyo hiyo.

"Tumbwe," alisema Bi Kiluwa. "Mtoto wako alipokaa vibaya tumboni, nani alimgeuza?"

"Ni Nuriya, mama."

"Yuko nje."

Tumbwe aliinuka, na benchi zima likainuka naye kwa sababu ya kamba. Kisha akakaa, na wote wakakaa. "Sina kengele, mama. Ikiwa ni mvua na nikawapeleka hawa bondeni, nitakuwa nimewaua. Lakini ikiwa ni mvua, mama, milango iko wazi. Atakuwa ameshaota moto mahali."

"Milango imefungwa, Tumbwe. Nimepita sasa hivi."

"Yote?"

"Yote."

Aliinamisha uso. Nilimwona akijaribu kuliweka jambo hilo mahali fulani kichwani mwake na likikosa pa kukaa. Miaka yote hiyo alikuwa amengoja kwenye benchi lile akiamini kwamba upande wa pili wa mji watu wamefungua. Akaanza kulegeza fundo la kiunoni. Vijana wake walimkumbusha sheria. "Watu wa kamba hawatoki," aliwajibu. "Natoka mimi, Tumbwe, kwa miguu yangu." Akaiacha kamba sakafuni, akatufuata.

Mtaa wa juu ndio unaopokea barabara ya mlimani. Tulianzia nyumba ya chini kabisa, Bi Kiluwa akagonga.

"Nani?" sauti ya mwanamume iliuliza kutoka nyuma ya mlango na mablanketi.

"Ni Kiluwa. Mmesikia mtu akipita?"

"Hapana, mama. Pole kwa kutoka nje hali hii."

Nyumba ya pili hivyo hivyo, na kadhalika tulipopanda. Kisha, karibu katikati ya mtaa, tukajibiwa na mwanamke. "Alipita mtu, mama. Aligonga hapa kitambo. Tulikuwa tumeshaziba, tusingeweza. Lakini usitie wasiwasi, watu wa kamba watakuwa wamemchukua."

Alisema hivyo kwa wema, kabisa, kama mtu anayekupa habari njema. Tumbwe alikuwa amesimama ubavuni kwangu.

"Alielekea wapi?" Bi Kiluwa aliuliza.

"Aligonga kwa jirani, nadhani."

Tukagonga kwa jirani. Jirani alimsikia. Wa upande wa pili wa barabara naye alimsikia, akatuambia mtu huyo alikuwa akiita kwa adabu na kwamba walimwombea. Nuriya hakuwa ameshuka mpaka chini ya mtaa. Alikuwa anavuka huku na huku, mlango kwa mlango, tena akirudi juu kwenye milango aliyokwisha kuipita, huenda kwa kutoona, huenda kwa kutumaini kwamba kengele imepigwa bila yeye kuisikia. Tulimfuata kwa kuuliza, na kila tulipouliza tulipewa pole.

Tulimkuta mwisho wa mtaa kwa juu, kwenye nyumba ya Bi Limbe, mfuma soksi. Alikuwa ameketi kizingitini, mgongo wake kwenye mlango, mkoba wa kazi mapajani, ameukinga na mtandio usilowe. Nguo zake zilikuwa ngumu. Nywele zilishikamana zikawa kipande kimoja cha barafu upande ule upepo ulikotoka.

Bi Kiluwa alipiga magoti akamwita. Akamshika mikono akaipulizia, akaipulizia tena, akaisugua kwa kifua chake mwenyewe. Tumbwe alimgusa Nuriya shingoni kwa ile mikono yenye vidole pungufu, akakaa hivyo muda, kisha akanitazama na kutikisa kichwa. Hakumwambia Bi Kiluwa. Hakuna aliyemwambia.

Niliegemea mlango ule. Ulikuwa na joto. Nililia, sitaki kuipamba habari hii; nililia kama mtoto, na koti langu lile kama godoro, katikati ya barabara ya watu.

Sijui tulikaa pale kiasi gani. Ninachojua ni kwamba uso wangu uliacha kuchoma. Zile chembe ziliisha, yakabaki maji, mvua ya kawaida, ya kwetu, inayoshuka wima. Nikaambiwa baadaye kwamba sinia lililetwa mezani mara ya mwisho likiwa na kitu ambacho hakuna aliyeweza kukibishia, na Baraza likapitisha kwa kauli moja. Wajumbe walikumbatiana.

Kengele kubwa ikalia.

Milango ikafunguka mtaa mzima, yote kwa pamoja. Mwanga wa moto ulimwagika barabarani, na harufu ya supu, na watu wakatoka vizingitini wakiwa na mablanketi mikononi. Yalikuwa mablanketi yale yale ya kuzibia, wameyabandua sasa hivi. Kila mmoja akaita maneno ambayo sheria inawataka waite. "Karibu uliyelowa. Moto ni wako."

Mlango wa Bi Limbe nao ulifunguka, kwa ndani. Bi Kiluwa alimdaka mwanawe asianguke chali. Bi Limbe alikwisha anza kusema kabla hajatazama chini. "Karibu uliyelowa," alisema, "moto..."

Bi Kiluwa akaingia. Mimi na Tumbwe tulimbeba Nuriya tukamlaza kwenye benchi lililowekwa karibu na moto. Bi Kiluwa alimvua viatu. Alimlegeza mtandio, akauchukua ule mkoba akauweka kando taratibu, kisha akapokea blanketi kutoka mikononi mwa Bi Limbe na kuanza kumkausha nywele. Barafu ilikuwa inayeyuka ikidondoka sakafuni.

Mume wa Bi Limbe alikuwa amesimama ukutani. Nje majirani walikuwa bado wanaitana, wakiulizana kama kuna yeyote mwenye shida ya moto.

"Tulidhani ni theluji," alisema Bi Limbe. "Mama, naapa. Tulidhani watu wa kamba wako nje."

"Nasi tulidhani milango iko wazi," alisema Tumbwe, bila kumwambia mtu.

Bi Kiluwa hakuinua kichwa. Aliendelea na nywele, fungu moja baada ya jingine, kama mtu anayemwandaa binti kwa sherehe.

"Aligonga kwa nguvu?" aliuliza.

Bi Limbe alimtazama mumewe, na mumewe akatazama sakafu.

"Mwanzoni," alisema Bi Limbe.

Bi Kiluwa akaitikia kwa kichwa, akageuza blanketi upande uliokuwa mkavu, akaendelea.